Mama Asijue Mpaka Agosti

Kopenhageni, 7 Mei 1978

Kwa binti yetu Janeal,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi wazima. Mama yako mzima, mimi mzima, baiskeli yangu nayo nzima ukiacha breki. Vipi ninyi? Mumeo Dee hajambo? Watoto je, na yule ng'ombe aliyekuwa hataki kusimama? Tuambie.

Umeuliza tunafanya nini kutwa nzima huku ofisini. Mwanangu, kazi zipo. Saa mbili asubuhi mimi napanda baiskeli kwenda posta, nafungua sanduku la misheni na kurudi na mfuko wa barua. Mama yako anazimwaga mezani na kuzipanga kwa majina ya vijana wetu wamisionari mia moja na sitini. Yeye ndiye karani, mimi ni bwana magari na bwana nyumba. Magari kumi na manne, na funguo zake zote zinaning'inia kwenye kabati langu, kila moja na ndoano yake. Bomba likipasuka Jutland napigiwa mimi. Kijana akigonga gari lililoegeshwa, napigiwa mimi, naye anaanza kwa kuniambia kwamba gari lile lilikuwa limekaa vibaya. Kichekesho ni kwamba wote hawa wa miaka kumi na tisa wanaitwa Mzee, ndicho cheo cha mmisionari. Mzee fulani ameingia na pua inamtoka damu, Mzee fulani kapoteza suruali. Na mimi niliye mzee kweli naitwa Mzee vilevile.

Kazi anayoiweza mama yako kuliko wote ni simu za akina mama kutoka nyumbani. Jumanne alipiga mmoja wa mji wa Burley, baba yake mzazi amepata kiharusi, hajui kama amwambie mwanawe aliye huku. Mama yako akamwambia, "Dada, mwandikie habari za mbwa. Mwandikie habari za mpira. Habari mbaya usimwandikie. Akijua atafanya nini kutoka huku? Atalia tu na kazi ilale." Rais wa misheni angesikia asingependa, yeye anataka kila mtu aambiwe kila kitu mapema. Lakini sisi wazee tumekulia hivyo. Halafu mama yako akanipa simu, nami nikamsimulia yule dada habari zangu za mwaka thelathini na tatu, zile ulizozisikia kanisani mpaka ukachoka: jinsi mama yangu alivyozikwa nikiwa mmisionari kijana Odense, na baba akasubiri majuma matatu kuniandikia ili nisiyumbe, nami nikamaliza miaka yangu. Akashukuru sana.

Mama yako anasema utie chumvi kidogo kwenye unga wa mikate, ile uliyotuokea tulipoondoka ilikuwa imepooza. Mimi niliila yote.

Baba yako

*

Grace, Idaho, 3 Juni 1978

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini umechukua barua hii mwenyewe posta. Kama ndivyo, isome hapo hapo. Usiifikishe ofisini.

Nimemtumia Mama barua nyingine leo, humo ndani sisi sote wazima, na ng'ombe amesimama. Hii ni yako peke yako, na nimeandika hivyo juu ya bahasha.

Baba, nina uvimbe titi la kushoto. Niliugusa mwezi wa tatu nikadhani ni wa kunyonyesha, kisha nikakumbuka mtoto ameacha ziwa mwaka jana. Wameuchoma sindano, wamechukua kipande, ni saratani. Watanipasua tarehe kumi na tisa. Nakuandikia wewe kwa sababu daktari ananiuliza upande wa mama nani alikufa kwa ugonjwa huu na akiwa na umri gani, na kitabu cha ukoo Mama amekwenda nacho huko. Muulize. Lakini muulize kijanja, Baba, si kwa ile sura yako ya kuungama.

Na Mama asijue. Mnarudi Agosti mwakani, miezi kumi na minne tu. Nitakuwa nimepona, nitamwonyesha kovu na atanigombeza kwa raha zake. Amengoja misheni hii miaka thelathini. Alitulea sisi sita, akamlea na babu mpaka akafa, kila mara anasema zamu yake itafika. Imefika. Ukimwambia atapanda ndege kesho yake, na hatapata misheni nyingine tena.

Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha. Babu alisubiri majuma matatu na wewe ukasimama imara. Mimi naomba miezi kumi na minne.

Dee ananitunza. Jana amepika. Tunaendelea kuishi hata hivyo.

Binti yako,
Janeal

*

Kopenhageni, 13 Juni 1978

Janeal mwanangu,

Nimeisoma barua yako posta, nimesimama, na mama mmoja wa Kideni akanivuta kiti. Sijui uso wangu ulikuwaje.

Sijui niandike nini. Nikisema pole, neno dogo. Nimejaribu kusali nikienda na baiskeli, nikapita njia ya ofisi bila kujua, mpaka nikajikuta bandarini na mfuko wa barua mgongoni. Niliporudi mama yako akasema vijana wanangoja, nilikuwa wapi. Nikasema mnyororo umetoka.

Nimemuuliza. Nilingoja tukila chakula cha jioni, samaki na mkate wao mweusi.

"Arvilla, hivi bibi yako Thora alikufa na nini?"

"Thora gani?"

"Si yule mzaa mama yako. Wa kwenye picha na kuku."

Akaweka uma chini. "Alikufa na titi. Miaka thelathini na minane. Dada yake Ane naye hivyo hivyo, arobaini na mmoja. Kitabuni wameandika ugonjwa wa wanawake kwa sababu waliona haya. Kwa nini?"

"Basi tu. Nataka kujaza kumbukumbu zangu vizuri."

"Haya," akasema. Akaenda kuosha vyombo. Alipomaliza akavitoa kabatini akaviosha tena, unamjua mama yako kwa usafi. Hakushuku kitu. Basi mwambie daktari: Thora thelathini na nane, Ane arobaini na mmoja.

Wewe una thelathini na tano. Nimehesabu mara nyingi usiku wa leo.

Nimekubali kunyamaza mpaka upasuaji upite. Zaidi ya hapo sijaahidi. Barua yako nimeificha kwenye kabati la funguo, nyuma ya ndoano namba tisa, gari lake tuliliuza. Huko mama yako hagusi. Anakaa meza inayotazamana na yangu, Janeal. Kutwa nzima nikiinua macho namwona yeye.

Niandikie tarehe ishirini. Hata mstari mmoja.

Baba yako

*

Grace, 15 Julai 1978

Baba mpendwa,

Shikamoo, na samahani kwa kuchelewa. Mkono wa kushoto hauinuki bado na wa kulia umechoka kufanya kazi ya miwili. Wamelitoa titi lote na vitu vya kwapani. Daktari anasema amesafisha alivyoweza. Sikuuliza maana ya "alivyoweza".

Sasa nikuchekeshe. Akina mama wa kanisa wameniletea chakula wiki mbili mfululizo, na kati ya hao saba wameleta viazi vya msibani. Ndiyo, vile vile, vya jibini na makombo ya mahindi juu, tunavyopika kila tukitoka makaburini. Saba, Baba! Nikamwambia Dee, "Hawa wananizika nikiwa hai." Dee hakucheka. Colleen akacheka, ana miaka kumi na mmoja lakini ananielewa kuliko baba yake. Kisha akaenda kulia bafuni akidhani maji ya bomba yanamficha.

Wote wameahidi kutomwandikia Mama. Wanasema ni vizuri, ndivyo inavyopaswa, asivurugwe katika utumishi wake. Dada wa mtaa wa pili alinishika mikono akaniambia mimi ni shujaa kama baba yangu. Ona ulivyo maarufu.

Barua za Mama sasa napiga kwa taipu, mwandiko umekuwa wa kuku. Nimemwambia Dee amenunua mashine na mimi najifunza. Nimemwandikia kwamba niko mbioni na matunda ya pichi, nimejaza chupa sitini. Pichi nimeletewa ndoo mbili na zimeoza barazani.

Anasemaje kuhusu barua zangu?

Binti yako,
Janeal

*

Kopenhageni, 13 Agosti 1978

Mwanangu Janeal,

Salamu na heri. Huku wazima kwa maana ya kula na kutembea.

Umeuliza mama yako anasemaje. Anazisoma mara mbili, ya kwanza haraka kama mtu anayetafuta kitu, ya pili polepole. Kisha anasema, "Janeal hajambo," na kuendelea kupanga barua za vijana. Ile ya taipu aliinua kwenye dirisha akaitazama. "Amejifunza upesi," akasema. Basi.

Wiki hii yule mama wa Burley amepiga tena. Baba yake amefariki. Alitaka kumwambia mwanawe, na safari hii mama yako hakumtajia mbwa wala mpira. Alizungusha waya wa simu kidoleni mpaka ukaisha. Kisha akamwambia, "Dada, sijui. Fanya moyo wako unavyokutuma." Nikashangaa. Nilimuuliza imekuwaje, akasema kichwa kinamuuma.

Janeal, nataka kukuambia jambo ambalo sijamwambia mtu, hata mama yako. Habari zangu za mwaka thelathini na tatu si za kweli. Yaani mama alikufa kweli na baba alisubiri kweli. Lakini sikusimama imara. Nilipewa barua kwenye ngazi ya nyumba tuliyopanga, nikaenda kwenye banda la baiskeli nikakaa humo mpaka mwenzangu akaja kunitafuta. Baada ya hapo nilikuwa nabisha hodi kwenye milango ya watu nihubiri, huku nikimwomba Mungu mtu asifungue. Nilimaliza miaka yangu kwa sababu sikuwa na pa kwenda. Mama alikuwa ameshazikwa, ningekwenda kufanya nini? Na baba yangu nilimchukia miaka sita. Nilikuwa nakaa naye meza moja, namchukia. Kanisani waliponisimamisha niseme, nikasema walichotaka kusikia, na baada ya mara kumi nikaanza kukiamini.

Majuma matatu yale yalikuwa yangu, Janeal. Ningelia wakati mama bado yuko juu ya ardhi. Usimfanyie mama yako hivyo. Nipe ruhusa nimwambie. Nakuomba, mimi baba yako.

Baba

*

Grace, 23 Septemba 1978

Baba,

Shikamoo. Viazi vinachimbwa, shule zimefungwa kwa ajili ya mavuno, Dee na watoto wako shambani tangu alfajiri na mimi niko dirishani na blanketi nikiangalia matrekta ya watu. Wananipa dawa za mshipa kila wiki ya tatu. Nywele zimeniacha. Nimetazama kichwa changu kwenye kioo, nimekuona wewe bila kofia.

Barua yako nimeisoma nikakasirika. Mbona hukuniambia hayo nilipokuwa na miaka kumi? Nimekua na ile hadithi nyingine. Nilipojifungua Colleen siku mbili za uchungu nilijiambia mimi ni mtoto wa Verl Sorensen, aliyeletewa habari Odense na hakuyumba. Kwenye meza ya upasuaji nilijiambia hivyo hivyo. Sasa unaniandikia ulikuwa umejificha bandani. Nimelia, kisha nimekuhurumia, kisha nimekasirika tena. Hapo ndipo nilipo.

Ruhusa sikupi. Mama alitutumia picha, amesimama mbele ya visanduku vya barua za vijana, anacheka meno yote nje. Lini mara ya mwisho ulimwona Mama anacheka hivyo hapa nyumbani? Acha awe na mwaka wake. Na daktari amefurahi wiki hii, amesema "tuone". Kama mambo yangekuwa mabaya angesema "tuone"?

Ukimwambia, sitakuandikia tena. Naapa.

Janeal

*

Kopenhageni, 26 Novemba 1978

Janeal mwanangu mpenzi,

Hii ni barua ya tatu bila jibu. Sijamwambia. Kama umenyamaza kwa kudhani nimevunja ahadi, sijavunja, nakuapia. Niandikie.

Kwa mama yako zimekuja mbili, za taipu, mistari sita sita. Kuna theluji, watoto wako shule, sisi wazima. Nimezitazama zile herufi kama mganga anayetazama majani. Nani anazipiga? Ni wewe?

Kila asubuhi naenda posta mapema zaidi. Wameshaanza kunifungulia mlango wa nyuma. Nafungua sanduku, napekua, sipati, narudi. Huku jua linatoka saa mbili na kuzama saa kumi, nami nashukuru, kwa sababu njiani mtu hanioni. Siwezi kufanya lolote, Janeal. Mtu anapiga simu mashine ya kufulia imeharibika Aalborg, naacha kila kitu nakwenda kuitengeneza, naweza. Lako siwezi. Naning'iniza funguo, nazitoa, naziweka tena kwa mpangilio.

Nilikaribia kumwambia Rais wa misheni. Nilibisha mlango wake, akasema, "Karibu Mzee Sorensen, kuna nini?" Nikamwambia matairi ya baridi yamefika.

Mama yako amefuma kofia. Sufu laini kabisa, ametembea maduka manne kuitafuta, na ameishonea kitambaa cha hariri kwa ndani. Amesema ni yako, ya baridi. Nikamwambia, "Janeal ana kofia kabati zima, Idaho hakuna aliyekosa kofia." Akasema, "Zile zinawasha." Nimeitia kwenye kifurushi cha Krismasi. Imefika?

Mstari mmoja tu, mwanangu. Tukana kama unataka kutukana.

Baba yako

*

Grace, 29 Desemba 1978

Baba,

Anayeandika ni Colleen, mimi nasema. Amekubali kuandika kila kitu bila kusita. Hodari.

Samahani kwa kukuweka roho juu. Sikukasirika. Ugonjwa umekwenda kwenye mifupa, tangu Oktoba. Sikuwa na la kukuandikia lisilokuwa hilo. Dee ndiye aliyekuwa anampigia Mama taipu.

Kofia imefika. Imenitosha kabisa. Sijaivua.

Baba, mwambie Mama. Nilikosea hesabu. Nilidhani nina mpaka Agosti. Sitaki shujaa wala sitaki utumishi wa mtu, nataka Mama akae hapa kitandani aniambie mikate yangu haina chumvi. Jana nilimwita kwa sauti na Dee akaja.

Ile ya Odense nimekusamehe. Wewe pia nisamehe.

Mwambie aje upesi.

Janeal

*

Uwanja wa ndege, Chicago, 14 Januari 1979

Mwanangu Janeal,

Naandika nyuma ya fomu za uhamisho wa vijana kwa sababu ndizo zilizokuwa mkobani. Tumekwama hapa tangu juzi. Theluji imefunika ndege mpaka madirishani, hakuna inayoruka. Ya Salt Lake ilitakiwa iondoke Ijumaa saa tisa. Leo ni Jumapili. Tumeuliza basi, hakuna. Tumeuliza treni, haitembei. Baba yako anaulizia kaunta kila nusu saa na yule msichana sasa anamwita Babu. Tulitoka kwa haraka, akasahau funguo za misheni mfukoni, magari yote kumi na manne. Kule Denmark vijana wanatembea kwa miguu, na yeye huku anazigeuzageuza kama tasbihi.

Jana nilipata simu baada ya kupanga foleni kwa saa mbili. Dee alikuwekea mkono wa simu sikioni. Nilikusikia unapumua. Nyuma yangu kulikuwa na watu arobaini, na mimi mama yako, badala ya kusema la maana, nikakuuliza pichi zimebaki ngapi. Kisha hela zikaisha. Ndiyo maana naandika. Dee akusomee, au nikusomee mwenyewe nikifika.

Barua yako ilifika siku ya Alhamisi. Baba yako alikuwa Aarhus kufuata gari, nikaenda posta mimi. Nikaona bahasha: mwandiko wa Colleen, Mzee Verl Sorensen, peke yake. Miaka arobaini na moja ya ndoa sijafungua barua ya mume wangu. Niliiweka juu ya meza yake, nikakaa kwenye meza yangu, nikaitazama toka saa tatu mpaka saa kumi. Simu zililia. Vijana waliingia wakatoka. Baba yako akaja na theluji begani, akaifungua amesimama, akasoma, kisha akaigeuza kunielekea na kunisogezea. Nikamwambia, "Verl, najua."

Najua tangu Juni, Janeal. Baba yako katika miaka arobaini na moja hajawahi kuniuliza habari ya ukoo wangu hata siku moja. Nikifungua kile kitabu yeye anasinzia. Halafu jioni moja anainua uso wake wa kuungama juu ya samaki na kuuliza bibi Thora alikufa na nini. Nikaenda kuosha vyombo. Niliviosha mara mbili ili nisigeuke. Siku ya pili nilipanga barua, nikasema ya kuniambia ukweli leo haipo, kesho itakuja. Ukaniandikia ng'ombe amesimama.

Nilikuwa nasubiri uniambie wewe. Hilo ndilo kosa langu na sina lingine la kujitetea nalo. Nilisema, ni mtu mzima, ana siri yake, anataka nifurahi, nami nikacheka mbele ya kamera ili nikufurahishe. Nilisema nikimuuliza baba yako atavunja ahadi yake kwako, na wewe utamkosa wa kumwandikia. Kila asubuhi nilimwaga barua mezani nikatafuta yako kwanza. Nikipata ya taipu nilijua mkono hauinuki. Ilipofika Septemba nikajua nywele. Nilikuwa nafuma kofia, na baba yako amekaa hapo mbele yangu ananiambia Idaho kuna kofia. Nilitamani kumtupia sindano. Wote wawili tulikuwa tunalia chumba kimoja kwa zamu, mmoja akienda kuchota makaa, mwingine anafuta macho.

Nilipomwendea Rais wa misheni Alhamisi ile jioni, alishika kichwa. Alisema, "Dada Sorensen, mngeniambia Juni ningewapeleka uwanja wa ndege siku ile ile kwa gari langu." Juni. Hakuna aliyetukataza, Janeal. Hakuna hata mmoja. Sisi wenyewe tulikaa kimya watatu, kila mmoja akimlinda mwenzake, na barua zikawa zinapishana juu ya bahari.

Niliwaambia akina mama ishirini na wawili wasiwaandikie wanao habari mbaya. Ninao majina yao kwenye daftari. Kabla ya kuondoka niliwapigia tisa, wengine hawakuwepo, au kule kulikuwa usiku. Yule wa Burley alinisikiliza, kisha akaniuliza, "Na wako dada anaumwa nini?" Nikakata simu. Nikifika nyumbani nitamalizia waliobaki.

Nimekuletea mkate wao mweusi, unga mgumu, hutaupenda. Nimekuletea na chumvi yao, kwa utani. Baba yako amenipa barua zako za siri nimezisoma njiani, basi Colleen mwambie ana mwandiko mzuri na asijifiche bafuni tena, nakuja alie kwangu. Dee akugeuze ubavu kila saa mbili, na akupake mafuta visiginoni, wanaume hawakumbuki visigino. Usivue kofia.

Baba yako amerudi kutoka kaunta. Anasema labda kesho. Jana pia walisema labda kesho. Nimemwambia aandike salamu hapa chini, amechukua kalamu, ameishika, amenirudishia.

Mwaka mzima tumeandikiana sisi wazima. Nimetafuta humu mkobani barua hata moja uliyoniandikia mimi isiyosema hivyo, sikuipata, na zangu nazijua. Basi nianze mimi. Sisi huku si wazima, mwanangu. Baba yako hajalala siku nne. Mimi naogopa, sijawahi kuogopa hivi, na miguu haitaki kukaa chini.

Na wewe hujambo? Niambie kweli.

Mama yako